Kutoka Kichwa cha Mfalme hadi Sajili ya Darasa: Asili na Kuenea kwa Jina Kennedy

Utangulizi

Katika darasa la kwanza nililowahi kufundisha kulikuwa na wavulana watatu walioitwa Kennedy. Mmoja alitoka Siaya, wa pili Kakamega na wa tatu Kisii. Siku moja tulipokuwa tukijadili maana za majina ya wahusika katika riwaya, mmoja wao aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na jina langu mimi lina maana gani?" Nilimjibu kwamba hilo ni jina la rais wa Marekani aliyeuawa mwaka wa 1963. Darasa liliridhika. Mimi sikuridhika, kwa kuwa nilijua sikuwa nimelijibu swali. Kumtaja mtu aliyewahi kuitwa jina fulani si kueleza maana ya jina hilo.

Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo. Yanalifuatilia jina Kennedy tangu lilipokuwa jina la mtu mmoja nchini Ayalandi, likageuka kuwa jina la ukoo, likapoteza baadhi ya viungo vyake chini ya utawala wa kigeni, likavuka bahari pamoja na wahamiaji, na hatimaye likawa tena jina la mtu binafsi katika nchi yetu. Hoja ya msingi ni kwamba umbo la jina ni hifadhi ya historia ya wenye jina hilo, ila hifadhi hiyo haisomeki pasipo kuijua sarufi ya lugha iliyoliunda. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Jina nalo huelea vinywani mwetu kana kwamba halikuundwa na mtu.

Jina la mtu kabla ya kuwa jina la ukoo

Kennedy ni umbo la Kiingereza la jina la Kiayalandi Ó Cinnéide. Ni vyema kukumbusha kwamba Kiayalandi si lahaja ya Kiingereza. Ni lugha ya tawi la Kiselti, yenye maandishi yake ya kale na sarufi yake yenyewe. Kwa sikio la Mswahili, Cinnéide husikika takriban kama "Kinyede", huku irabu ya katikati ikivutwa.

Umbo la kale la jina hili ni Cennétig, na lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni neno linalomaanisha kichwa, ambalo katika Kiayalandi cha leo ni ceann. Kuhusu sehemu ya pili kuna fasiri mbili. Fasiri ya kwanza huihusisha na neno lenye maana ya ubaya wa sura au kutisha. Fasiri ya pili huihusisha na éide, yaani vazi, likiwamo vazi la vita. Kwa hiyo Cinnéide ama ni "mwenye kichwa cha kutisha" au ni "mwenye kichwa kilichovikwa kofia ya chuma". Fasiri zote mbili zinatupeleka kwenye ulimwengu wa mashujaa na vita, ambamo sura ya kumtia adui hofu haikuwa aibu.

Mtu mashuhuri wa awali aliyeitwa hivyo ni Cennétig mwana wa Lorcán, mfalme wa Dál gCais, jamii iliyoishi kando ya mto Shannon magharibi mwa Ayalandi. Alifariki mwaka wa 951. Mwanawe, Brian Boru, alipanda hadi akawa mfalme mkuu wa Ayalandi, kisha akauawa mwaka wa 1014 katika vita vya Clontarf karibu na Dublin. Hata hivyo, ukoo wa Ó Cinnéide haukuitwa hivyo kwa sababu ya mfalme huyo. Uliitwa kwa jina la Cinnéide mwingine, mtoto wa ndugu yake Brian, aliyerithishwa jina la babu. Wazao wa Brian mwenyewe nao wakawa Ó Briain, ambao leo twawajua kama O'Brien. Koo hizi mbili kubwa basi zilichipuka katika nyumba moja.

Waayalandi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza barani Ulaya kuwa na majina ya ukoo yanayorithiwa. Jina Ó Cléirigh limeandikwa katika kumbukumbu za mwaka wa 916, yaani karne moja na nusu kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka wa 1066. Kabla ya hapo, mtu alijulikana kwa jina lake na la baba yake, na kizazi kilichofuata kilianza upya.

Sarufi ya jina: Mac, Ó, Ní na Uí

Majina ya ukoo ya Kiayalandi hutanguliwa na maneno mawili makuu. Mac humaanisha mwana. Ó, ambalo zamani liliandikwa Ua, humaanisha mjukuu, na kwa kupanuka kwa maana likawa mzao wa. Msomaji atakumbuka mara moja "bin" ya Waswahili na "arap" ya Wakalenjin. Mfanano huo ni wa kweli katika maana, ila kuna tofauti moja ya msingi katika matumizi. "Bin" husogea pamoja na kizazi: Ali bin Omari humzaa Saidi bin Ali, na Omari huachwa nyuma. Ó iliganda. Mtu aliyezaliwa miaka mia tisa baada ya Cinnéide bado huitwa mjukuu wa Cinnéide.

Jambo la pili ni jinsia. Mwanamume huitwa Ó Cinnéide. Binti wa ukoo huohuo haitwi Ó, kwa sababu yeye si mjukuu wa kiume. Huitwa Ní Chinnéide, ambapo Ní ni ufupisho wa maneno yenye maana ya binti wa mzao wa. Mke aliyeolewa katika ukoo huo huitwa Uí Chinnéide, yaani mke wa mzao wa Cinnéide. Tazama pia kwamba konsonanti ya kwanza imebadilika: C imekuwa Ch. Sauti /k/, ambayo ni kipasuo, imelainika ikawa kikwamizo kwa sababu ya neno lililotangulia. Mabadiliko mwanzoni mwa mzizi si mageni kwetu. Katika ulimi na ndimi, refu na ndefu, Kiswahili nacho hubadilisha konsonanti ya kwanza ya mzizi kwa kuathiriwa na sauti inayoitangulia.

Kwa hiyo, katika Kiayalandi, kulisikia jina la ukoo ni kujua kama mwenyewe ni mwanamume, binti wa ukoo au mke wa ukoo. Katika Kiingereza wote watatu huitwa Kennedy. Taarifa zote hizo hutoweka.

Hapa sharti tutoe tahadhari. Mwanafunzi wa Kenya anapoiona Ó ya Kiayalandi huenda akaihusisha na O- ya Kijaluo katika Otieno, Odhiambo na Onyango. Mfanano huo ni wa bahati tu. O- ya Kijaluo katika majina kama hayo huashiria mwanamume, nayo A- huashiria mwanamke, na shina la jina mara nyingi hueleza wakati au hali ya kuzaliwa: Otieno na Atieno walizaliwa usiku. Haidokezi babu. Mfano mzuri wa mkanganyiko huu ulionekana Rais Barack Obama alipozuru Ayalandi mwezi Mei 2011. Mmoja wa mababu wa mama yake alihama kutoka kijiji cha Moneygall mwaka wa 1850, na wenyeji walifurahia kuliandika jina la mgeni wao kwa ritifaa, O'Bama, kana kwamba ni la Kiayalandi. Rais mwenyewe aliendeleza mzaha huo, akisema mjini Dublin kwamba amerudi kuitafuta ritifaa iliyopotea njiani. Ulikuwa mzaha mwema, na wote waliujua kuwa mzaha. Jina Obama lilitoka kwa baba, upande wa Wajaluo, ilhali Moneygall ilikuwa ya upande wa mama. Msomi anayelinganisha herufi bila kulinganisha sarufi huusema mzaha huohuo bila kujua kuwa ni mzaha.

Ardhi iliyobeba jina

Makao ya kwanza ya ukoo wa Ó Cinnéide yalikuwa Glenomra, mashariki mwa eneo la Clare. Kwa kusukumwa na koo jirani, wakiwamo jamaa zao O'Brien, walivuka mto Shannon wakaingia kaskazini mwa Tipperary, katika nchi ya Ormond inayouzunguka mji wa Nenagh. Huko wakawa watawala kwa karne kadhaa. Ukoo ulipokua uligawanyika katika matawi matatu yaliyotofautishwa kwa rangi: Donn, yaani wa kahawia, Fionn, yaani mweupe, na Rua, yaani mwekundu kama nywele nyekundu.

Wanormani walifika Ayalandi mwaka wa 1169. Familia yao ya Butler ilijikita katika eneo hilo, na mwaka wa 1328 ikapewa cheo cha Masinyori wa Ormond. Jina Ormond lenyewe ni la Kiayalandi na lina maana ya Munster Mashariki. Mgeni alilitwaa jina la nchi akalifanya cheo chake, na mwenyeji akabaki na jina la babu. Vita vya Oliver Cromwell, aliyetua Ayalandi mwaka wa 1649, na sheria ya mwaka wa 1652 iliyovifuata, viliwapokonya Wakatoliki wengi ardhi zao. Ukoo uliokuwa na nchi ukageuka kuwa wa wapangaji. Jina halikutoweka pamoja na ardhi. Uchunguzi uliotumia takwimu za vizazi vya mwaka wa 1890 uliliweka Kennedy katika nafasi ya 16 miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea zaidi nchini, na Tipperary ilibakia ngome yake.

Si kila Kennedy, hata hivyo, ana asili ya Tipperary. Uskoti nayo ina ukoo wake wa Kennedy katika eneo la Carrick, kusini-magharibi, na wakuu wake walipewa cheo cha Masinyori wa Cassillis mwaka wa 1509. Jina ni hilohilo la Kigaeli, lakini babu ni mwingine. Serikali ya Uingereza ilipoanza kuwapa walowezi kutoka Uskoti na Uingereza mashamba ya Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, tangu mwaka wa 1609, baadhi ya Kennedy wa Uskoti walivuka bahari. Hivyo, katika kisiwa kimoja kukawa na watu wenye tahajia moja na asili mbili. Tahajia si nasaba.

Kalamu ya karani

Ó Cinnéide liligeukaje Kennedy? Jibu limo katika sheria na katika kalamu. Sheria za Kilkenny za mwaka wa 1366 ziliwaamuru walowezi Waingereza waishio Ayalandi kutumia majina ya Kiingereza. Sheria ya mwaka wa 1465 ilikwenda mbali zaidi. Iliwataka Waayalandi waishio karibu na Dublin, katika eneo lililotawaliwa moja kwa moja na Waingereza, kujitwalia majina ya Kiingereza: jina la mji, la rangi, la kazi au la cheo. Ndipo baadhi ya majina yakatafsiriwa. Mwana wa mhunzi, kwa mfano, akawa Smith.

Majina mengi zaidi hayakutafsiriwa bali yaliandikwa jinsi karani Mwingereza alivyoyasikia. Karani alisikia sauti /k/. Kiayalandi huiandika kwa C popote itokeapo, lakini Mwingereza husoma C kama /s/ inapotangulia e au i. Kwa hiyo karani akaandika K. Irabu zilifupishwa na alama zikaachwa. Alama iliyo juu ya Ó, ambayo huonyesha urefu wa irabu, iligeuzwa ritifaa ikawekwa kando: O'Kennedy. Katika karne za 17 na 18, Wakatoliki walipobanwa kisheria, familia nyingi ziliidondosha O kabisa. Kilichosalia ni Kennedy, neno ambalo kwa mwenye kujua Kiingereza pekee halina maana, halina jinsia wala halina babu.

Mwaka wa 1892 msomi Douglas Hyde alitoa mhadhara kuhusu haja ya kuuondoa Uingereza katika utamaduni wa Ayalandi, na suala la majina lilikuwa miongoni mwa malalamiko yake. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha chama cha kuikuza lugha ya Kiayalandi. Tangu wakati huo familia nyingi, kama vile O'Brien, O'Connor na O'Sullivan, zimeirejesha O. Kennedy walio wengi hawakuirejesha.

Njaa na bahari

Kati ya mwaka wa 1845 na 1852 ugonjwa uliangamiza viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ayalandi. Watu wapatao milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakahama. Idadi ya watu ilishuka kutoka takriban milioni 8.2 mwaka wa 1841 hadi milioni 6.6 mwaka wa 1851. Mmoja wa waliohama ni Patrick Kennedy, mtoto wa mkulima wa Dunganstown, karibu na New Ross katika eneo la Wexford. Huko Boston alifanya kazi ya kuunda mapipa, akaoa mwanamke Mwayalandi, akafa kwa kipindupindu mwaka wa 1858. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka huohuo, alipata mali kwa biashara ya vileo akaingia katika siasa. Mjukuu wake, Joseph, akawa balozi wa Marekani nchini Uingereza mwaka wa 1938. Kitukuu wake, John, alichaguliwa rais mwaka wa 1960, Mkatoliki wa kwanza kushika wadhifa huo.

Jina lilisafiri pia kwa njia nyingine. Arthur Edward Kennedy, mzaliwa wa eneo la Down huko kaskazini, alikuwa mkaguzi wa misaada kwa maskini katika wilaya ya Kilrush, Clare, wakati wa njaa. Taarifa zake kuhusu wapangaji waliofukuzwa na nyumba zao kubomolewa ni miongoni mwa ushahidi muhimu wa maafa hayo. Baadaye akawa gavana wa makoloni ya Uingereza, yakiwamo Sierra Leone, Australia Magharibi, Hong Kong na Queensland. Mtaa wa Kennedy Town ulioko Hong Kong umepewa jina lake. Jina moja lilisafiri katika ngama ya meli pamoja na wenye njaa, na katika meli za serikali pamoja na watawala.

Jina lawasili Kenya

Mnamo Julai 1960 Tom Mboya alikutana na Seneta John Kennedy huko Massachusetts kumwomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na wanafunzi wa mwaka huo, akiwamo Wangari Maathai, wakasafiri. Rais Kennedy aliuawa tarehe 22 Novemba 1963. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, siku 20 baadaye. Wazazi waliopata watoto katika miaka iliyofuata walikuwa wamelisikia jina hilo likitajwa pamoja na elimu, uhuru na msiba. Desturi ya kumpa mtoto jina la mtu mashuhuri haikuwa ngeni. Novemba 2008 tuliona watoto wakiitwa Barack na Michelle katika hospitali za Kisumu.

Lililo la ajabu kwa mwanaisimu ni nafasi ambayo jina Kennedy lilipewa. Halikuja kama jina la ukoo. Liliwekwa mwanzoni, mahali pa jina la ubatizo, likafuatwa na jina la kienyeji. Sisi wa Kiswahili tunaye mfano wa karibu: mwandishi wa Siku Njema, aliyefariki Aprili 2020, ambaye wasomaji walimjua kama Ken Walibora, aliitwa Kennedy Waliaula. Jina lililoanza kama la mtu mmoja kando ya Shannon, likaganda kuwa la ukoo kwa karne kumi, liliyeyuka likawa tena la mtu mmoja.

Safari haijakoma. Leo watoto wengi wa Kenya huandikishwa kwa jina la kwanza la baba yao mahali pa jina la mwisho. Binti wa Kennedy huandikishwa Kennedy, na pengine jina la babu likaachwa nje ya cheti. Naye akiwarithisha wanawe jina hilo, ukoo mwingine wa Kennedy utakuwa umezaliwa, wala hautatoka Tipperary wala Carrick. Mtafiti wa miaka mia tatu ijayo, akisoma umbo pekee, atadhani hawa ni wahamiaji kutoka Ayalandi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha mambo matatu. Kwanza, maana ya jina hukaa katika lugha ya asili, na hupotea jina linapoandikwa kwa sikio la mgeni. Pili, tahajia moja inaweza kuficha asili kadhaa, na sauti moja, kama O, inaweza kuwa na kazi mbili zisizohusiana kabisa katika lugha mbili. Tatu, jina la mtu na jina la ukoo si aina mbili zilizotengana milele. Jina moja huweza kuvuka mpaka huo na kurudi.

Haya si mambo ya Ayalandi peke yake. Makarani wa kikoloni waliandika majina yetu nao kwa sikio la Kiingereza, na majina mengi ya babu zetu yamo katika vyeti kwa tahajia ambazo wenyewe wangezishangaa. Tofauti ni kwamba wengi wa wanaozijua maana zake wangali hai. Waayalandi walipoanza kuuliza mwaka wa 1892, maeneo mengi yalikuwa yamekwisha kuipoteza lugha yenyewe. Ninapendekeza kila mwanachama wa chama chetu, atakapokwenda nyumbani likizoni, aandike majina kumi ya ukoo wake, jinsi yanavyotamkwa na wazee, jinsi yalivyoandikwa katika vyeti, na maana yake kwa lugha ya mama.

Yule mvulana alimaliza shule zamani. Nikikutana naye leo nitamwambia kwamba jina lake ni la kichwa, ama cha kutisha au chenye kofia ya vita, na kwamba mwenyewe wa kwanza aliishi kando ya mto Shannon miaka elfu moja iliyopita. Kisha nitamwuliza jina lake la pili lina maana gani, na ni nani nyumbani kwao anayeijua.